Mshindi Aliyekwisha Kuzikwa

Asubuhi hiyo Gakwaya alikuwa akipima maziwa kwenye njiapanda ya Burungu, kama alivyofanya asubuhi zote, ingawa mkewe Kamaliza alikuwa kaburini tangu wiki iliyopita. Watu wa huko wanaoisimulia habari hii huanzia hapo, kwa sababu ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, wauza jibini walikuwa wanafunga mizigo kwenye pikipiki, na Gustave, mnunuzi wa maziwa, alikuwa anawachekesha watu.

"Munamujua ule mushindi wa loto wa Walikale? Alioa bibi wa pili, akaoa wa tatu. Leo anauza makala ya kupikia, na wanunuzi njo wale mabibi!"

"Na ule wa Bweremana?" mtu akauliza.

"Ule alihama. Ndugu zake walikuwa wanaamuka kumupita jogoo, kuja kumuomba feza."

Wakacheka. Gakwaya naye alitabasamu kidogo, kwa adabu. Ndipo simu iliyokuwa mfukoni mwa koti lake ikatoa mlio. Ilikuwa simu ya Kamaliza. Hakuwa ameizima tangu mazishi, wala hakuweza kueleza kwa nini. Akasoma ujumbe. Akausoma tena. Kamaliza, aliyekuwa akicheza loto kwa simu kila wiki akitaniwa na nyumba nzima, alikuwa ameshinda zawadi kubwa.

Gakwaya alikuwa amesomea kilimo chuo kikuu, na alikuwa mtu wa kusoma masharti mpaka mwisho. Sharti lilikuwa wazi: zawadi hulipwa kwa mwenye namba tu, akiwa hai, akifika mwenyewe ofisini. Akifa, zawadi inarudi kwa kampuni.

Kamaliza alikuwa na mdogo wake, Chantal, aliyeolewa na Jean-Luc, seremala wa Kashuga. Walifanana sura na sauti hata mama yao alikuwa akiwachanganya kwenye simu. Kilichowatofautisha ni masikio. Chantal alitoboa masikio akiwa msichana. Kamaliza aliogopa sindano, na masikio yake hayakuguswa mpaka alipokufa.

"Tutagawana nusu kwa nusu," Gakwaya alimwambia Chantal, alipomwomba aende ofisini kwa jina la dada yake. "Ni neno moja tu la kusema."

Chantal alimtazama Jean-Luc. Nyumba yao ilikuwa bado ya turubai, na mtoto wao Isimbi alikuwa anakohoa.

"Sawa, shemeji," akasema. "Neno moja."

Aliyekasirika alikuwa shangazi yao, Mama Sidonie. Tangu siku ya mazishi alikuwa akimfuata Gakwaya kwa jambo lile lile. Katika familia zao, mama wa nyumba akifa, mumewe husimama zizini wakati wa kukamua na kuwaambia ng'ombe kwamba aliyekuwa anawakamua amekufa. Hilo hufanywa kabla ya kununua chochote au kujenga chochote. Gakwaya aliliahirisha. Aliwaambia watu kwamba yeye ni Mkristo na amesoma. Ukweli ni kwamba alikuwa hawezi kuitamka sentensi ile.

"Tungoje kidogo, Shangazi. Mambo ya kampuni yaishe."

"Ng'ombe haziko kampuni," Mama Sidonie akasema. "Muntu wakati hawajamutangaza kama alikufa, ukimuita anaitika."

Walikwenda Goma na kadi ya uchaguzi ya marehemu. Mfanyakazi wa kampuni alikuwa kijana mchangamfu.

"Ni weye Kamaliza?"

"Njo miye."

"Uko muzima kabisa? Watu wengine wakishinda, roho inasimama!"

Wote wakacheka. "Niko muzima," Chantal akasema.

Wakapigwa picha, maua mkononi. Walipokuwa wanarudi, Gakwaya aliifungua picha ile kwenye simu akaikuza. Uso ulikuwa unacheka. Masikio yalikuwa laini, bila hereni, bila tundu. Akageuka kumwangalia Chantal aliyekaa kando yake. Chantal alikuwa anazichezea hereni zake kwa kidole.

Malipo yalikuwa ya awamu. Kabla ya kila awamu kampuni ilipiga simu kuuliza hali ya mshindi, kwa hiyo Chantal alibaki Burungu, akilala kwa Mama Sidonie. Kila mara alijibu vile vile: ni miye Kamaliza, niko muzima. Gakwaya alijiona ana akili kuliko washindi wa Gustave. Hakuoa wala hakuhama. Alinunua ng'ombe, akaongeza malisho ng'ambo ya kilima, akaagiza saruji ya kujengea kaburi la mkewe.

Kati ya ng'ombe wa zamani alikuwamo Bihogo, jike mwekundu aliyekuwa wa Kamaliza mwenyewe. Tangu mazishi Bihogo alikuwa amezuia maziwa. Mchungaji alijaribu, Gakwaya naye alijaribu, lakini wapi. Asubuhi moja Gakwaya aliikuta ndoo imejaa, povu likimwagika. Chantal alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, kichwa amekilaza kwenye tumbo lake, kama alivyozoea kufanya dada yake.

"Ulijifunza wapi?" Gakwaya akamuuliza.

"Kujifunza nini?" Chantal akasema, bila kuinua kichwa.

Hereni moja ilikuwa imeanguka kwenye majani. Gakwaya aliiokota, akamrudishia. Chantal alijaribu kuivaa. Haikuingia. Akaigeuza, akasukuma tena. Tundu halikuwapo.

Baada ya hapo Gakwaya alianza kumkwepa. Lakini siku moja mchana, ukungu uliposhuka mpaka mlangoni, alimkuta ameketi kwenye kiti cha Kamaliza ndani ya nyumba. Mikono ilikuwa mapajani, nguo ameikunja magotini.

"Leo utanipa maji?" akamuuliza polepole.

Gakwaya alisimama pale pale.

Hospitalini, siku ya mwisho, Kamaliza aliomba maji. Daktari alikuwa amekataza. Gakwaya alitii. Alimwambia mkewe kesho, kesho utakunywa. Chumbani walikuwa wawili tu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata padri.

Alikwenda kwenye mtungi. Akampa kikombe. Akanywa. Akampa kingine. Akanywa. Alikunywa bila kupumua, macho hayakumtoka Gakwaya.

Na Gakwaya, ingawa alikuwa anaogopa, alivuta kigoda akakaa karibu yake. Huo ndio ukweli wake. Alikaa mpaka ukungu ulipoondoka, akisikiliza sauti ile ikimuuliza habari za ndama.

Jumapili iliyofuata Jean-Luc alikuja kwa pikipiki, akiwa amembeba Isimbi mbele. Mtoto alimkimbilia mama yake uani, akamshika miguu. Mama yake alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani.

"Huyu ni mutoto wa nani?"

Jean-Luc alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka.

"Chantal. Acha basi."

"Chantal iko Kashuga," mwanamke akasema.

Isimbi akaanza kulia. Jean-Luc akamshika Gakwaya kola ya shati. "Ulifanya bibi yangu nini? Kula feza yako yote, unirudishie muntu!"

Mama Sidonie ndiye aliyewatenganisha. Alimvuta Gakwaya mpaka nyuma ya zizi, akamsemesha kwa sauti ya chini.

"Mulisema muko na muntu muzima. Kamaliza alisikia, akakuja kuchukua fasi yake. Kesho asubui utawaambia ng'ombe. Na Chantal naye atasema. Mulisema wawili, mutarudisha wawili. Bila vile, utapoteza mutoto wa watu."

"Na nikisema, Kamaliza…"

"Kamaliza alishakufa, Papa."

Asubuhi ng'ombe waliletwa zizini. Bihogo alikuwa anakamuliwa na mwanamke yule. Jean-Luc alisimama nje ya ua na mtoto mgongoni. Gakwaya aliingia katikati ya ng'ombe. Alifungua kinywa, akafunga. Mwanamke aligeuka akamtazama, akatikisa kichwa taratibu, kama anayesihi.

"Kamaliza amekufa," Gakwaya akasema. "Nilimuzika miye mwenyewe."

Ng'ombe wote waliinua vichwa kwa pamoja. Hakuna aliyelia. Hata mikia ilitulia.

Ndoo ilianguka. Maziwa yalitiririka kwenye samadi. Mwanamke alijishika masikio, akapiga kelele ya maumivu, na alipoondoa mikono, kila sikio lilikuwa na tundu jipya linalovuja damu. Alitazama huku na huku. Alitazama mikono yake iliyolowa maziwa.

"Jean-Luc?" akasema. "Isimbi amekula?"

Jean-Luc aliruka ua. Walikumbatiana watatu, wakilia. Gakwaya alihisi mzigo mkubwa umemtoka kifuani, na papo hapo akaona baridi mahali ulipokuwa.

"Bado," Mama Sidonie akasema. "Naye aseme. Alisema 'niko muzima' kwa kinywa chake. Kinywa kile njo kitarudisha."

Chantal alifuta machozi. "Niseme nini, Shangazi?"

Gakwaya alijua Chantal atakachokisema. Kamaliza amekufa. Angekisema kwa sauti ile ile, sauti pekee ya mkewe iliyobaki duniani, na yeye amesimama pale akisikia. Alitazama damu shingoni mwa Chantal. Alijiambia ni huruma.

"Amechoka," akasema. "Mumuache. Atasema kesho."

"Kesho ya nani?" Mama Sidonie akamuuliza.

Lakini Jean-Luc hakutaka kukaa Burungu hata dakika moja zaidi. Pikipiki ilikwisha kuwaka. Chantal alipanda nyuma akimbana mtoto kifuani, na ukungu ukawafunika kabla hawajafika kwenye daraja.

Mchana huo fundi alimwaga saruji juu ya kaburi. Gakwaya alilainisha sehemu ya mwisho kwa mikono yake, akaizungushia ua wa miiba ili ng'ombe wasipite, akaenda kulala. Alilala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Asubuhi alikwenda kuinyunyizia saruji maji. Miiba ilikuwa mahali pake. Lakini juu ya saruji palikuwa na nyayo za miguu mitupu, nyembamba, zimeshakauka na kuwa jiwe. Hazikuanzia pembeni. Zilianzia katikati, pale ambapo mtu hawezi kufika bila kukanyaga kwanza ukingoni, na zilikuwa za kwenda tu.

Gakwaya alizifuata kwa macho. Nyumba yake iko upande wa juu wa kaburi. Aligundua kwamba alikuwa anatumaini.

Unyayo wa mwisho ulikuwa kwenye ukingo wa chini. Kisigino kilikuwa hakionekani vizuri. Vidole ndivyo vilivyozama, kama vya mtu anayeanza kuteremka kwa haraka. Vilielekea njia ya Kashuga.