Mjuaji na Koili Iliyofupishwa

Kila asubuhi ya likizo, kazi ya kwanza ya Mjuaji ilikuwa kusoma kipimajoto cha mashine ya kutotolea vifaranga. Mashine hiyo ilikuwa sanduku la mbao lenye kidirisha cha kioo, katika chumba cha nyuma nyumbani kwa shangazi yake. Mayai yalipangwa kwenye trei, na chini yake koili ya waya ilitoa joto. Ubavuni paliandikwa kwa rangi nyeupe: VOLTI 240, WATI 120.

Jina la Mjuaji alipewa na shangazi. Ukimwuliza msichana huyo ni saa ngapi, atakueleza na jinsi saa inavyotengenezwa. Katika mtihani wa umeme alipata alama zote, na kanuni zake alizighani hata akiosha vyombo: volti gawanya kwa ampia, unapata ukinzani, volti zidisha kwa ampia, unapata wati.

Siku hiyo shangazi alikwenda kununua chakula cha kuku.

"Mayai yamekaribia kuanguliwa, na vifaranga wameshaagizwa," alisema mlangoni. "Joto likileta matata, mwite fundi umeme hapo jirani. Wewe usiguse kitu."

"Mimi tena, shangazi? Nenda kwa amani."

Haukupita muda, koili ikakatika. Binamu yake mdogo, aliyeitwa Kibogoyo kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, alikuwa wa kwanza kuona.

"Dada, imezima! Nikamwite fundi?"

"Fundi wa nini, na mimi nipo?"

Mjuaji alichomoa plagi, akakata kwa koleo sehemu yote ya koili iliyoungua, kisha akaivuta iliyobaki mpaka ikafika mahali pake na kukaza skrubu. Aliwahi kuona watu wakitengeneza jiko la umeme hivyo hivyo. Alipochomeka plagi, koili ikawaka. Kibogoyo akapiga makofi.

"Lakini imekuwa fupi," alisema mtoto.

"Si neno. Waya mfupi, joto kidogo. Litapungua kiduchu tu."

Halikupungua. Kipimajoto kilipanda hadi kikavuka mstari mwekundu aliouchora shangazi. Mjuaji akakigonga kwa kidole.

"Kimeharibika hiki."

Kibogoyo akaingiza mkono ndani ya sanduku, akautoa upesi. "Dada, leo tunakula mayai ya kuchemsha?"

Hapo Mjuaji akaogopa kwelikweli. Alifungua mlango wa sanduku, joto likashuka mno. Alipoufunga, likapanda tena. Jasho lilimtoka. Humo ndani mlikuwa na vifaranga hai, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapika.

"Mama akija tutamwambia nini?" aliuliza Kibogoyo.

Mjuaji angeweza kusema mashine imeharibika yenyewe, na nani angejua? Lakini shangazi alipoingia na mfuko kichwani, maneno yalimtoka kabla hajasalimia.

"Shangazi, nimekosa. Koili ilikatika, nikaifupisha mwenyewe. Sasa joto linazidi!"

Shangazi aliutua mfuko, akachomoa plagi. "Kibogoyo, mbio kwa fundi!"

Fundi alifika na mita yake ya kupimia umeme. Aliwasha mashine kwa muda mfupi tu, akapima, akaizima, shangazi akaifunika kwa blanketi ili mayai yasipoe.

"Volti 240. Mkondo ni ampia 0.75," alisema fundi. "Nasikia hapa kuna bingwa. Haya, bingwa, tupigie hesabu."

Mjuaji alichukua chaki, akaandika sakafuni.

"240 mara 0.75 ni 180. Wati 180!" Akatazama maandishi ya ubavuni. "Ilitakiwa 120!"

"Na ukinzani?"

"240 gawanya kwa 0.75... omu 320."

"Ulitakiwa uwe ngapi?"

Hapo alisita. Kanuni ya moja kwa moja hakuwa nayo. Akafikiri, kisha akaanza na kilichokuwa kimeandikwa. "Wati 120 gawanya kwa volti 240, mkondo ni nusu ampia. 240 gawanya kwa nusu ni omu 480." Chaki ikasimama. "Nimekata theluthi nzima! Ukinzani ukapungua, mkondo ukaongezeka, na joto likaongezeka. Nami nilidhani waya mfupi una joto kidogo!"

"Si wewe peke yako," alicheka fundi. "Wenzako wananiletea majiko kila siku."

Fundi aliongeza waya wa aina ileile, akapima tena. Mita ikasoma ampia 0.5. Shangazi akafunga mapazia, akamulika yai kwa tochi. Ndani ya yai, kivuli kikajinyoosha.

"Yuko hai!" alipiga kelele Kibogoyo, na Mjuaji akaangua kilio cha furaha.

Siku chache baadaye chumba kilijaa milio ya vifaranga. Mayai machache hayakuanguliwa, na Mjuaji aliyatazama kwa huzuni.

"Ni kwa sababu yangu, shangazi?"

"Huenda. Hatutajua," alijibu shangazi, akimwekea kifaranga kiganjani. "Sikiliza. Kanuni ulikuwa nazo zote mdomoni. Siku nyingine zipitishe kichwani kabla mkono haujashika koleo. Na umeme usiuguse bila mtu mzima. Mayai yanauzwa kila mahali, lakini mtoto wa kaka yangu nitamnunua duka gani?"

Mjuaji aliinamisha kichwa.

"Ila uliniambia ukweli nikiwa bado na mzigo kichwani," aliendelea shangazi. "Ungeficha mpaka jioni, fundi angekuta mayai ya kuchemsha. Hawa wote wanaopiga kelele humu ndani, ni ukweli wako uliowaokoa. Haya, wape maji, wana kiu."