Viola Anajisemea

Viola alikuwa ameketi kitandani, amevaa, amechana nywele. Alikuwa akingoja.

"Viola, unangoja nini? Chai inapoa bana!" Lenah, mwenzake wa nyumba, aliita kutoka jikoni.

"Sikusikia kengele."

"Kengele gani? Hapa si shule."

Viola aliokotwa sokoni Kitale akiwa mtoto mchanga. Alilelewa katika makao ya watoto. Huko kengele iliwaamsha, ikawaita kula, ikawaita kusali. Alipotimiza miaka kumi na minane ilibidi aondoke. Sasa aliishi Kanduyi, katika nyumba ya vijana wanne wasio na kwao. Kila mmoja ana chumba chake. Wanajipikia na kujifulia. Dada Rosaline, msimamizi, huja kila siku kuwaelekeza, mpaka waweze kuishi wenyewe.

Siku ya kwanza kupika, Viola alisonga ugali wa sufuria nzima. Hakujua kupikia watu wanne.

"Ati umealika jeshi?" Lenah alicheka. Viola hakucheka. Aliomba msamaha mara tatu.

Fundi mmoja wa nguo alitaka kumwajiri. Alimwambia, "Lete kitambulisho kwanza." Basi Rosaline akampeleka ofisi ya vitambulisho.

"Mzazi wako yuko wapi?" karani aliuliza.

Viola alimtazama Rosaline. Rosaline akajibu. Karani akauliza swali la pili, Rosaline akajibu tena.

"Mama, kitambulisho ni chako au ni cha huyu?" karani alisema. "Msichana, ulilelewa wapi? Ulisoma wapi?"

Viola alifungua mdomo. Akamgeukia Rosaline tena. Watu kwenye foleni walianza kunong'ona.

"Ni bubu?" mmoja aliuliza.

"Rudini akiwa tayari," karani alisema. "Na mje na barua ya afisa wa watoto."

Siku tatu Viola hakula. Alipiga simu Kitale, akaomba kurudi makao. Mlezi alimjibu kwa upole, "Mwanangu, kitanda chako kina mtoto mwingine sasa."

Viola alipiga magoti. "Mungu, kama ni wewe uliyeniumba, mbona sina pa kukaa duniani?" Alingoja jibu. Alisikia pikipiki barabarani tu.

Rosaline alimkuta hapo sakafuni. Akaketi karibu naye.

"Nimekukosea, Viola. Nilikusemea. Nilidhani nakusaidia."

"Mimi siwezi, dada. Wote wananisemea tangu zamani."

"Ndiyo maana nyumba hii ipo. Kazi yangu ni kukaa karibu. Kazi ya kusema ni yako. Ukikwama, unapumua, unaanza tena."

Waliandika barua kwa afisa wa watoto pamoja, Viola akishika kalamu. Majibu yalichukua mwezi mzima. Kila jioni walifanya mazoezi, Lenah akiwa karani.

"Wewe! Mbona umesimama kama nguzo ya stima? Mama yako nani?"

Mara nyingi Viola alikimbilia chumbani kulia. Hakuna aliyemkaripia. Kesho yake walianza tena.

Siku ya kurudi ofisini ilipofika, Rosaline alibaki kwenye benchi la nje. Viola aliingia peke yake.

"Nani amekuleta?" karani aliuliza.

"Nimekuja mwenyewe."

"Jina la mama?"

Viola alikwama. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Akapumua, akaanza tena.

"Simjui. Baba pia simjui. Nililelewa makao ya watoto Kitale. Barua ya afisa ni hii, na cheti changu cha kuzaliwa ni hiki."

Karani alisoma pole pole. Kisha akapiga mstari kwenye fomu, mahali pa jina la mama. Viola aliutazama mstari ule. Machozi yalimjaa.

"Niendelee?" karani aliuliza, sauti yake imeshuka.

"Endelea."

Viola akanyoosha vidole vyake, vikapakwa wino kimoja kimoja.

Baada ya wiki kadhaa kitambulisho kilifika, naye fundi akampa cherehani. Bado kuna asubuhi ambazo Viola hushindwa kuamka kwa huzuni. Lenah humgongea mlango, na Viola humjibu, "Leo ni vigumu, lakini nakuja."

Siku alipokipokea kitambulisho, alikiweka juu ya kitanda, akapiga magoti mbele yake. Sala yake ilikuwa fupi.

"Bwana, mama yangu yuko mahali fulani. Mwambie naitwa Viola."