Nakala ya Alfajiri

Kinyonyahewa kiliponguruma, maparachichi yalilala. Ndivyo walivyosema wafanyakazi wa maghala yaliyochimbwa ndani ya mlima nje ya mji wa Njombe. Mashine ile ilifyonza oksijeni yote chumbani, matunda yakaacha kuiva, yakakaa miezi kama yaliyochumwa jana. Hakuna binadamu aliyeigusa. Iliendeshwa na Msimamizi, mfumo wa kompyuta uliojua kila kreti ilipo na kila mtu aliyepita mlangoni.

Twilumba Sanga wa ofisi ya mauzo aliingia chumba cha nne kumchagulia mteja sampuli. Kwa kuwa Msimamizi alimwona akiingia, kinyonyahewa kilikuwa kimya. Alikuwa ameinamia kreti aliposikia mlango ukijifunga nyuma yake. Taa zikageuka nyekundu.

Alichomoa redio kiunoni. "Kaka Luhwago! Mlango umejifunga wenyewe!"

Luhwago, fundi wa mifumo, alijibu akihema. "Uko chumba gani, dada?"

"Cha nne."

"Usiogope. Tumevamiwa. Kuna watu wameingiza programu-teka kwenye seva."

"Nieleze nielewe, kaka. Huku ni baridi."

"Seva ndiyo kompyuta kuu, nyingine zote zinaitegemea. Programu-teka imezifungia data zetu ndani, na ufunguo wanao hao wezi. Lakini kila siku tunachukua nakala rudufu. Yaani kila anachokijua Msimamizi tunakinakili, tunakihifadhi kwenye wingu."

"Wingu?"

"Kompyuta za kukodi, ziko mbali na hapa. Huko hawajafika. Naifuta seva, naiwekea ile nakala, mlango unafunguka. Vumilia kidogo tu."

Twilumba akajikunyata, akipiga miguu chini ili isife ganzi. Alijaribu kutofikiria unene wa ule mlango. Hatimaye taa zikawa nyeupe, naye akacheka peke yake kwa nafuu.

Kisha, mlango ukiwa bado umefungwa, kinyonyahewa kikanguruma.

Masikio yakamziba. Akainua redio. "Kaka, kinafyonza! Kinafyonza na mimi nimo!"

"Haiwezekani. Skrini inasema chumba cha nne hakina mtu."

"Hiyo nakala ni ya saa ngapi?"

"Ya alfajiri."

"Alfajiri nilikuwa nyumbani kwangu, nimelala!"

Redioni akasikia kiti kikianguka. "Mungu wangu," alisema Luhwago. "Namwambia Msimamizi azime, anakataa. Anasema hakuna sababu."

"Usibishane naye! Kata umeme!"

Alikimbilia mlango akaupiga kwa ngumi, kwa kiatu, kwa redio yenyewe. Alivuta pumzi, nazo zikaja tupu, kama mtu anayekunywa kwenye kikombe kisicho na maji. Alijua kwamba anapiga mlango, ila hakukumbuka tena kwa nini.

Alipofumbua macho alikuwa amelala kwenye ukumbi. Wapakizi walikuwa wameubandua mlango kwa mitaimbo, na Luhwago alikuwa amepiga magoti pembeni yake, machozi yanamtoka.

"Vyumba vingine je?" Twilumba aliuliza mara tu ulimi ulipomtii.

"Skrini inasema havina..." Luhwago hakumaliza. Alinyakua mtaimbo akaanza kukimbia.

Chumba cha sita alikuwamo Kiswaga, fundi wa mabomba, aliyeingia mchana ule kuziba bomba lililokuwa likivuja. Hakuwa na redio. Walimkuta mlangoni, na walikuwa wamechelewa.

Kesho yake Twilumba na Luhwago walikwenda kwa mjane. Aliwapokea, akawakaribisha, akawauliza mumewe alikufaje. Luhwago alianza, "Mama, baada ya mfumo kurejeshwa kutoka kwenye nakala rudufu..." Mjane hakumwelewa.

Twilumba alisogea akamshika mkono. Tangu jana hakuwa amethubutu kufunga mlango wowote.

"Mama, mashine ilikuwa imeharibiwa, tukairudisha ilivyokuwa alfajiri. Alfajiri baba alikuwa bado yuko hapa nyumbani. Kwa hiyo haikujua kwamba yumo ndani."

Mjane akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli, alikuwa hapa," alisema. "Alikunywa chai, akalalamika haina sukari." Akawaangalia, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeuliza kitu asichokijua kabisa. "Sasa wanangu, kama mlikuwa na njia ya kurudi alfajiri, mbona mliirudisha mashine peke yake?"