Macho Yatajimalizia

Mambo haya yalimpata jirani yetu, tuliyekuwa tukimwita Bi Nukta. Alichora nyuso za watu kwa kalamu ya wino, nukta baada ya nukta, na uso mmoja ulimchukua wiki nzima. Watu walimsifu, naye alishazoea kusifiwa.

Mdogo wake alipohamia kwake, mambo yakaharibika. Binti mwenyewe mcheshi, hana makuu. Akachonga mwanzi ukawa kalamu, akazimua wino kwa maji, akajaribu hiki na kile, karatasi zikalowa, dada mtu akacheka. Kumbe! Siku moja mstari mmoja tu ukateremka kutoka kwenye paji hadi kidevuni, na mama mwenye duka la jirani akawa yupo pale karatasini, mzima mzima, kicheko ki mdomoni.

"Huyu mtoto ana mkono," wateja wa Bi Nukta wakasema, mbele ya dada mtu, bila hata haya. Wivu ukamkaba Bi Nukta. 

Mchana mmoja mdogo wake alikuwa amelala kwenye kochi. Bi Nukta akachukua kalamu ile ya mwanzi, na wino uleule, akamchora. Picha ikatoka nzuri kuliko zote alizowahi kuchora, na hapo ndipo roho ilipomuuma zaidi, maana mbinu haikuwa yake. Akachovya wino mzito. Akayapitishia mistari macho ya ile picha, huku na huku, mpaka yakazibika.

"Haya, chora sasa," akanong'ona.

Mdogo akaamka anafikicha macho. "Dada, hebu nitazame. Kuna unywele jichoni?"

Hapakuwa na kitu. Jioni akajigonga mlangoni. Asubuhi, jua limeshawaka, akauliza mbona hakukuchi.

Bi Nukta akaikumbuka ile picha. Akajifungia nayo, akashika wembe, akakwangua mstari mmoja, taratibu, kama wachoraji wafanyavyo wakikosea. Chumba cha pili ukasikika ukelele wa mdogo wake.

Akaacha. Kuichoma, akaogopa. Kukiri, akaona aibu.

Mchana ule mdogo akaomba karatasi. Akachora huku akipapasa kingo kwa kidole. Aliyemchora ni Bi Nukta, ameinama mbele ya kochi, kalamu ya mwanzi mkononi. Kila mkunjo wa uso upo. Macho tu hayapo.

"Nani kakwambia?" Bi Nukta akauliza.

Mdogo akatabasamu, uso kauelekeza pembeni. "Macho nimeyaacha, dada. Yatajimalizia."

Bi Nukta akafungia wino na kalamu zote kabatini. Ufunguo akaulalia.

Kulipokucha, kwenye picha aliyoichora mdogo wake, pale pa jicho la kushoto palikuwa na mstari. Mmoja. Wino mbichi. Akajikuta anafikicha jicho lake. Na haki ya Mungu, mwenyewe aliniambia, kabla hajapiga kelele alisimama kwanza akautazama ule mstari, wivu umemjaa tele, akijiuliza ni mkono gani huo unaoweza kuchora mstari mwembamba hivyo.