Bango la Karibu Jijini

Haya ni kweli tupu. Anayetaka kubisha asome kwanza, abishe akishiba.

Lori mbele. Land Cruiser nyuma. Mshale wa spidi umelala kwenye mia na arobaini.

Usukani ulikuwa mikononi mwa Mwiba, jasusi wa idara isiyo na kibao mlangoni. Bastola ya Beretta pajani, redio sikioni.

Ndani ya lori: masanduku sita ya dhahabu ya magendo.

"Mwiba, usipige risasi," mkuu wake alinguruma redioni. "Dereva ana baruti chini ya kiti."

"Basi nimwimbie?"

Lori lilikuwa linakwenda kwenye kiwanja cha ndege cha zamani, kilometa mia na kumi kabla ya jiji, mahali ambapo hata kunguru hutua kwa kukosea. Kilichaguliwa na Bwana Nafuu, mpanga safari wa shirika moja la ndege za bei chee. Bahili wa kutupwa. Kila kiwanja cha maana alikiona kinamnyonya: ada ya kutua, ada ya kuegesha, ngazi za kukodi. Hapa hakuna ada. Hakuna forodha pia, wala mashine ya kukagua mizigo, ndiyo maana wenye dhahabu walimpenda.

Langoni alisimika bango: KARIBU JIJINI. Abiria wakija kulalamika, angewajibu kuwa amewakaribisha tu, hakusema jiji liko karibu.

Leo ilikuwa safari ya majaribio. Msimamizi wa kiwanja, kaka yake Mwiba, alikuwa ameshasainishwa karatasi ya mzigo bila kuisoma. Dhahabu ikiruka, jela ni yake.

Mwiba akapiga simu.

"Kaka, ndege inakaa chini muda gani?"

"Dakika ishirini na tano. Hawa hawamngoji hata mama yao."

"Ling'oe lile bango. Lisimike njia panda, kilometa tano kuja upande wangu. Lori limebakiza nusu saa."

"Dada, mimi nina presha."

"Ling'oe na presha yako hiyo hiyo."

Dereva wa lori, mgeni wa njia ile, alifika njia panda. Akasoma. Akafunga breki.

Jijini? Basi kiwanja amekipita.

Akageuza lori, akarudi alikotoka kwa kasi ileile. Mwiba alijibanza vichakani, akamwacha apite, akawaita polisi.

Kiwanjani, ndege ilikuwa imeshatua. Dakika ya ishirini na tano rubani akafunga mlango. Bwana Nafuu alimkimbilia akipunga koti, akilia kuwa mzigo uko njiani. Rubani alitoa kichwa dirishani, akamkumbusha kanuni aliyoitunga mwenyewe: anayechelewesha ndege anakatwa mshahara.

Ndege ikaruka tupu.

Polisi walimkamata dereva kituo cha mafuta, ameshuka kwenye lori, akiuliza njia. Mwiba alifika kiwanjani, akaichana karatasi ya kaka yake, akamtia pingu Bwana Nafuu. Yule bwana aliuliza kama jela ni mbali.

"Karibu tu," Mwiba akasema. "Kilometa mia na kumi."

Akavaa miwani, akaondoka bila kuaga.

Nilimpa mke wangu asome. Nyumbani kwetu anayekamatwa na uongo anaosha vyombo. Aliuliza haya yote niliyaonea wapi. Nikamwambia ndani ya ndege ile, kiti cha dirishani.

"Baba watoto, si umeandika iliruka tupu?"

Masufuria ni manne. Moja limeungulia.