Akaunti ya Mchumba Wangu, Laini ya Jabiri

Nina miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Tanga. Msione nalia hapa mkadhani mimi ni mtu wa hivi hivi! Nina diploma ya kompyuta niliyojisomesha mwenyewe, na kule Riyadh, katika ofisi za Olaya, kompyuta haikuharibika bila jina langu kuitwa. Nimerudi, nimejenga. Lakini nyumba ile nalala peke yangu... ngojeni niwaeleze.

Mimi nikiwa bado Riyadh, mchumba wangu, Rahma, alipata kazi ya ukarani katika kampuni moja ya mizigo kwenye bandari ya Jeddah. Posa yangu baba yake alikuwa ameshaipokea. Alipofika, ikama yake, yaani kibali cha ukaazi, ilichelewa, na bila ikama hupati laini ya simu. Kama tunavyosaidiana wageni kule, karani mwenzake, Jabiri, akampa laini yake ya pili afungulie akaunti ya ujumbe.

Aliponiambia, damu ilinichemka! Laini ya mwanamume? Kila siku nikawa namuuliza Jabiri ni nani, anakaa wapi, amemwambia nini leo. Rahma akacheka. "Bwana fundi, wivu wa nini? Ikama nimeshapata, laini yangu ninayo. Nielekeze basi, nahamisha vipi?"

Nikamjibu, "Muulize huyo Jabiri wako!"

Jamani! Kazi ya dakika chache tu... Nilijua vizuri kwamba mwenye laini ndiye anayeletewa namba za uthibitisho, na anaweza kuifungua akaunti ile kwenye simu yake akitaka. Ofisini nilikuwa nawahubiria watu hayo hayo! Lakini wivu ulinifanya nimchunguze mtu, mlango nikauacha wazi.

Jioni moja ukaingia ujumbe wa Rahma: "Hamadi, halas, yamekwisha. Nimempata anayenifaa. Usinitafute."

Hamadi! Tangu lini Rahma akaniita kwa jina? Hata hilo sikulitazama. Macho yangu yaliona Jabiri tu, mtu ambaye hata sura yake siijui. Punde Rahma akanipigia kwa laini yake mpya... nikaifungia. Kisha nikautuma ujumbe ule kwenye kundi la familia zetu mbili, nikaongeza maneno yangu, maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Baba yake aliyasoma. Shangazi zake waliyasoma.

Siku chache baadaye Rahma alikuja Riyadh na mwenzake wa chumba. Tulikutana mgahawani, Al-Sulimaniyah. Hakulia. Alisema akaunti ilijifunga ghafla. Alipomfuata Jabiri, akaambiwa mtandao una hitilafu, asubiri. Kumbe yule bwana yumo ndani, ananiandikia kwa jina la Rahma! Alikuwa amemtaka Rahma, akakataliwa. Ujumbe wenyewe Rahma alikuja kuusikia kwa baba yake.

Nikaomba radhi. Tena nikajigamba palepale kwamba ningemfungulia akaunti mpya kabla chai haijapoa.

"Fungua," akasema. "Na yale aliyoyasoma baba yangu, utayafuta kwa diploma gani?"

Akavua pete yangu ya uchumba, akaiweka karibu na kikombe changu.

Ndugu wasomaji, nawaomba! Akaunti yako isikae kwenye laini ya mtu, awe mwema vipi. Ukipata yako, hamisha siku hiyo hiyo, na uongeze namba ya siri unayoijua wewe tu. Na ujumbe ukikuchoma moyo, usijibu kabla hujamsikia mwenyewe kwa sauti yake.

Mimi sauti ile ilinipigia yenyewe... nikaifungia!