Robo Saa ya Sekunde Kumi

Kompyuta ya kumshinda Sekunde Kumi ilikuwa bado haijazaliwa. Vuta kiti hicho, dada, ukae. Mashine yako inaamka, na hadithi hii itaisha kabla haijapiga miayo mara mbili. Huyo Sekunde Kumi alikuwa fundi wa kibanda hikihiki kabla yangu. Mimi nimerithi meza na feni mbovu tu, mengine nimesimuliwa.

Jina alijibandika mwenyewe. Unamletea laptopu inayokokota miguu, anang'oa diski ya zamani, ile inayonguruma tumboni, anapachika SSD, diski ya kisasa isiyonguruma. Kisha anavua saa ya kupimia mbio aliyoivaa shingoni kama mwalimu wa michezo, anabonyeza saa na kitufe cha laptopu pamoja, na kabla ya sekunde kumi skrini imewaka na wapita njia wanapiga makofi. Fulana zake zilipigwa pasi mpaka mikunjo ikakata, viatu vyeupe pe, na ulimi wake ulitoka kiwandani bila breki.

Siku moja jumba hili la vibanda limefurika, watu wanagombania chaja, spika tatu zinaimba nyimbo tatu. Msichana mmoja akasukumwa na umati mpaka kwenye kaunta, kiwiko chake kikaangusha kopo la skrubu. Alivaa gauni la njano lenye mifuko miwili mikubwa mbele, na waya za spika za masikioni zinaning'inia mfukoni kama tambi.

"Samahani, kaka."

"Samahani haiokoti skrubu. Inama tuokote, huku unanieleza unaumwa nini."

"Mimi mzima. Inaumwa hii." Akaweka laptopu nzito, kona zimepasuka. "Betri imekufa, na kuwaka kwake naweza kufua nguo nikaanika."

"Wewe kazi yako nini?"

"Nasikiliza watu walivyorekodiwa mikutanoni, naandika kila neno. Mtu akiongea, namalizia kuandika kabla hajafunga mdomo."

"Basi jina lako Vidole."

"Na lako?"

"Sekunde Kumi. Ukihesabu kumi na moja, nikuoe."

Akapachika SSD mpya, akaita mashahidi, akiwemo Mama Kava, jirani yake anayeuza kava za simu. Akabonyeza. Nembo ya kampuni ikatokea. Kumi ikapita. Ishirini. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, halafu wakaacha, halafu wakaondoka. Ilipofika dakika tano na sekunde kumi, skrini ikawaka.

"Mahari yangu uilete taratibu," Vidole akasema. "Naona kwenu hamna haraka." Akacheka, mkono umefunika mdomo, gauni zima linatikisika.

Akaiacha mashine, akaahidi kurudi jioni.

Kabla ya chakula cha mchana Sekunde Kumi alikuwa ameshajua ugonjwa. Mashine ikishaingia, ilikimbia kama swala. Iligandia kwenye nembo tu. SSD ile na madabodi ile ya zamani, ubao mkuu wa mashine, havikuelewana. Madabodi inauliza, "Upo tayari?" Diski inajibu kwa namna isiyoeleweka, madabodi inangoja, inauliza tena, wanazungushana kama wakwe wawili mlangoni. Dawa yake ni kusasisha programu ndogo iliyomo ndani ya diski yenyewe. Akafanya kama mafundi wote wafanyavyo: akakata kipande cha utepe wa karatasi, akaandika ugonjwa, dawa, muda na tarehe, akabandika upande wa ndani wa mfuniko wa chini.

Halafu akaufunga mfuniko bila kutibu. Mtu aliyepona, dada, anarudi kwa daktari kufanya nini?

"Bado," alimwambia jioni. "Hii kesi nzito. Ichukue ukafanye kazi, kesho niletee."

Kesho ikazaa kesho. Vidole akawa na kiti chake kibandani, hicho ulichokalia. Asubuhi analeta mashine, jioni anaichukua. Asipofika, Sekunde Kumi anampigia simu.

"Mgonjwa wangu kaamkaje?"

"Mgonjwa gani, mimi au laptopu?"

"Laptopu sijaiota jana."

"Muongo wewe. Umelala, ulimi ukabaki macho."

Hata Mama Kava, ambaye husema kidogo kuliko bidhaa zake, aliwaona wawili wale wakigawana spika za masikioni, moja kila mmoja, akatabasamu. Lakini siku moja, Vidole alipokwenda kunawa mikono, akauliza, "Hiyo mashine ina nini, mpaka leo wiki ya tatu?"

"Utaalamu, Mama Kava. Uza kava."

Sasa sikia. Vidole aliishi kwa mjomba wake, akilala kwenye korido, na mjomba alishamwambia mwisho wa mwezi korido inarudi kuwa korido. Akaomba kazi kampuni moja ya mji mwingine, inayotoa ajira na chumba. Mtihani ungefanywa kwa mtandao, tarehe ishirini na nane, saa mbili asubuhi. Ukichelewa dakika tano, mlango umefungwa.

"Nitengenezee kabla ya siku hiyo, mpenzi," alisema, amemshika mkono kwa mikono miwili. "Sitaki kingine."

Mji mwingine. Sekunde Kumi aliyasikia hayo maneno mawili tu.

"Iwashe mapema," akamjibu. "Ikishawaka haina tatizo. Niamini."

Siku yenyewe Vidole aliiwasha saa moja. Saa mbili kasoro dakika moja yuko tayari, nywele amezibana, vidole amevinyoosha. Saa mbili kamili umeme ukakonyeza, mara moja tu. Betri mfu, skrini nyeusi. Umeme ukarudi, nembo ikatokea.

Simu ya Sekunde Kumi ikalia.

"Iko kwenye nembo."

"Subiri, mpenzi."

"Nifanye nini?"

"Usiizime. Ukiizima inaanza upya."

"Ongea nami basi."

Akaongea naye. Alimwambia mashine inajitahidi, alimwambia avute pumzi, huku kidole chake, kwa mazoea, kilikuwa kimeshabonyeza ile saa. Akazitazama sekunde zikipanda moja moja, na alijua ziishiapo. Dakika tano na sekunde kumi.

"Imewaka," Vidole akasema, akasoma skrini. "Imeandika mtihani umefungwa."

Alikuja kibandani akalia kwenye bega lake mpaka fulana ikatota. Sekunde Kumi akampapasa mgongo. "Kazi hiyo haikuwa riziki yako," akasema. Na moyoni, dada, alisikia raha. Jumamosi mjomba akatoa godoro nje, Vidole akahamia kwa rafiki yake, kitanda kimoja watu wawili.

Tarehe kumi ya mwezi uliofuata Sekunde Kumi akaamua kumaliza kila kitu kwa kishindo. Akaisasisha ile diski. Akafungua mfuniko, akabandika pete kwenye nafasi tupu pembeni ya betri, akafunga. Karatasi yake aliiona, ila ni karatasi aliyokwisha kuizoea kama ukuta wa chumbani kwake. Akaita watu. Akabonyeza. Sekunde tisa.

Makofi. Vidole akamrukia shingoni. "Umewezaje?"

"Wiki tano, mpenzi. Nimepigana na hii mashine, silali. Sasa shika bisibisi, fungua uone nilichoweka ndani."

Akaizima, akaigeuza, akang'oa skrubu moja baada ya nyingine, anacheka. Aliinua mfuniko, akaiona pete. Wanawake wa vibanda vya jirani wakapiga vigelegele. Vidole akatabasamu, akageuza mfuniko auweke chini, na macho yake yakasimama.

Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayenukuu mkutano.

"SSD haielewani na madabodi. Sasisha programu ya diski. Robo saa. Tarehe tatu."

Vigelegele vikakatika.

"Tarehe tatu nilivaa gauni la njano," akasema.

"Mpenzi, ngoja."

"Nimekupa sekunde kumi. Nieleze."

Akahesabu kwa vidole vyake vyote kumi, kimoja kimoja. Cha kumi kikakunjwa. Vidole akabandua pete, akamtia kiganjani. Akaichukua ile saa mezani, akaibonyeza ianze, akamvalisha shingoni kwa upole, kama anayemfunga tai.

"Isizimwe mpaka nirudi kukujibu," akasema. Akabeba mashine yake, mfuniko ameukumbatia, skrubu ameziacha.

Basi usihuzunike, dada. Baada ya wiki moja akarudi, akaizima saa kwa mkono wake, akavaa pete. Wakahamia huo mji mwingine, na nasikia wana mtoto.

"Alirudi lini?"

Huyo ni Mama Kava. Hajainua hata kichwa, anapanga kava zake kwa rangi.

"Mama Kava, mteja ananisikiliza mimi."

"Miezi kumi na minne tangu aondoke nakaa hapa, sijamwona." Anampungia dada kwa kava nyekundu. "Mwambie afungue kifungo cha juu, mwanangu. Mwambie akuonyeshe anachovaa shingoni, na kama kimesimama."

Feni inalia. Mkono wangu umeshafika kwenye ukosi kabla sijautuma, na dada ameuona.

Haniulizi habari za saa. Anaigeuza laptopu yake imwelekee, ambako nembo bado inang'aa kama ilivyong'aa nilipoanza kusimulia, na anauliza kwa sauti ndogo:

"Na hii yangu, kaka, umeujua ugonjwa wake tangu lini?"

Mama Kava ameshampa bisibisi.